Ng'ombe Waliokula Dari

Generosa hakuanza kazi ya mbao peke yake. Walikuwa kikundi cha akina mama wa Majimoto walioitwa mjini Mpanda kufundishwa namna ya kugeuza maganda ya mpunga na nyuzi za katani kuwa mbao za dari, zile ambazo watu huziita silingbodi. Mradi uliowafundisha uliwaachia kalibu ya chuma na jeki ya lori ya kugandamizia, ukapiga picha, ukaondoka. Wenzake nao wakaondoka mmoja mmoja, bila ugomvi. Huyu alijifungua, yule akafungua genge la nyanya, mwingine akasema kifua chake hakiwezi tena vumbi. Kalibu na jeki vikabaki uwanjani kwa Generosa kwa sababu hakuna aliyekuja kuvichukua. Na yeye akaendelea, labda kwa sababu hiyo hiyo.

Maganda aliyapata bure nyuma ya mashine za kukoboa, ambako yalirundikwa na kuachwa yafuke moshi mchana kutwa. Katani aliikata kwenye nyua za watu, akaiponda kwa rungu mpaka nyama ya jani itoke zibaki nyuzi. Gundi yake ilikuwa uji mzito wa muhogo. Alichanganya vyote, akajaza kalibu, akapiga jeki mpaka maji yachuruzike, halafu akatoa ubao na kuuanika. Hakuna hatua hata moja ambayo haikutaka mgongo. Vidole vyake vilikakamaa, na asubuhi hakuweza kufunga kitenge mpaka avichovye kwanza kwenye maji ya moto.

Isidori, mumewe, alishinda zaidi kwenye shamba lao la Usevya. Akija nyumbani alitazama rundo la maganda, akauliza, "Bado tu?" Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anauliza kweli, na Generosa akaendelea kuponda katani.

Kiangazi kilichopita katekista Josephat alimfuata. Kigango chao, kanisa dogo la kijijini, kilikuwa kimeezekwa bati tupu, na mvua ikinyesha masomo yalikuwa hayasikiki kabisa.

"Mama Happy, tuwekee dari," alisema. "Watu wanakuja kusikia Neno, wanaondoka wamesikia bati."

Generosa alikubali kabla hajafikiri. Baadaye ndipo alipokumbuka kwamba mbao zake hupasuka, na zikikaa vibaya hushika ukungu. Kwa hiyo safari hii alibadilisha mchanganyiko. Alikatakata mabua ya mpunga akayatia humo ili ubao ushikane, na kwenye uji wa muhogo akamwaga chumvi, maana aliwahi kusikia kwamba chumvi huzuia ukungu na mchwa. Mbao zikatoka ngumu, zimenyooka. Alizipanga juu ya chanja uwanjani zikauke, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alisimama kuziangalia tu.

Siku moja, baada ya kupiga jeki tangu alfajiri, alijilaza mkekani mlangoni apumzishe kiuno. Usingizi ukamchukua. Alichosikia alipozinduka ni sauti ya kutafuna, nzito, ya meno mengi yasiyo na haraka.

Ng'ombe waliokuwa wanapelekwa kunywa maji walikuwa wamejaa uwanjani. Walikuwa wanakula dari la kigango. Wengine walikuwa wameangusha chanja, wanang'ang'ania mbao chini, wanalamba kwanza, halafu wanauma.

Fimbo ilikuwa karibu. Generosa aliiona. Alijua pia kwamba angeweza kupiga kelele, majirani wangekuja. Lakini aliburuta kigoda, akakaa, akawatazama.

Mwanamke mmoja akaja mbio huku amekunja khanga. Alikuwa Ng'washi, mke wa Ngusa, Wasukuma waliohamia ng'ambo ya mto na mifugo yao.

"Mayu, samahani! Nimegeuka kidogo tu, wamenitoka. Samahani sana, mayu, mama yangu!"

"Waache wamalize," Generosa alisema. "Zimebaki chache."

Ng'washi akasimama na fimbo yake hewani. Alikuwa amekuja amejiandaa kutukanwa, kama ilivyozoeleka pale kati ya watu wa mashamba na watu wa ng'ombe. Hakujua afanye nini na upole ule. Akawatoa ng'ombe mwenyewe, halafu akaokota kipande, akakinusa.

"Umetia nini humu?"

"Maganda, mabua, katani. Uji wa muhogo. Na chumvi."

"Chumvi!" Ng'washi akapiga viganja. "Mama, umewapikia. Hata mimi ningekula."

Generosa alitaka kucheka, akakosa nguvu.

Ndipo ng'ombe mmoja mwekundu aliposimama mbali na wenzake na kutanua miguu. Tumbo lake upande wa kushoto lilikuwa limeanza kuvimba. Ng'washi akakitupa kile kipande. Huyo ndiye aliyekuwa anawapa maziwa ya nyumbani, na Ngusa alikuwa mnadani.

"Ni hizo katani," alisema kwa sauti ndogo.

Generosa akainuka. Alikwenda ndani akaleta chupa ya mafuta ya kupikia. Ng'washi akamfunga ng'ombe kijiti mdomoni ili asifunge taya, wakamnywesha mafuta, wakaanza kumtembeza kuzunguka uwanja, mmoja akivuta kamba, mwingine akisugua ubavu. Walizunguka mpaka jua likashuka. Mara ng'ombe akapiga mbweu kubwa, yenye harufu ya muhogo uliochacha, na tumbo likaanza kulegea. Wote wawili wakakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Nimehamishwa mara nyingi," Ng'washi alisema, bila kuulizwa. "Siku hizi tukifika mahali sifungui mizigo yote."

Generosa aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake Ngusa alikuja na mke wake kuomba radhi na kuzungumza fidia. Generosa alisema fidia anayoitaka ni mbao zisiliwe tena. Ng'washi akasema hilo ni jepesi: ng'ombe hali palipo na mavi yake. Azipake maji ya samadi zikiwa bado mbichi, na ile chumvi aiache kabisa.

Josephat aliposikia alishika kichwa.

"Samadi, mama Happy? Juu ya altare?"

"Ikikauka hainuki. Na nitapaka chokaa."

"Watu wakijua je?"

"Watajua. Hapa kuna kitu ambacho watu hawajui?"

Akaanza upya. Siku nyingine Ng'washi alikuja baada ya kukamua, akakaa akiponda katani. Siku nyingine hakuonekana, na Generosa hakumuuliza. Mvua hazikusubiri. Zilipoanza, mbao zilizokauka zilitosha nusu ya kigango tu, kuanzia altareni hadi katikati. Fundi akazipigilia hizo hizo.

Jumapili ya kwanza ya mvua kubwa, waumini wa nyuma waliacha mabenchi yao, wakasogea wakabanana mbele, wanakwaya wakinung'unika kwamba wamekosa pa kusimama. Huku mbele sauti ya Josephat ilisikika. Haikuwa vizuri sana, lakini ilisikika. Alisoma somo lote bila kurudia, na mwisho akamtaja Generosa kwa jina, watu wakapiga makofi.

Generosa hakuwa anawatazama. Alikuwa anatazama kona ya juu ya kwaya, ambako bati lilikuwa na tundu. Ubao wa pale ulikuwa umeshaloa na umebonyea kama godoro la zamani. Alijua utaanguka kabla ya Krismasi, na kwamba atatakiwa kutengeneza mwingine.

Ibada ilipokwisha Josephat akamjia, uso umemchangamka.

"Sasa mama, hiyo nusu nyingine lini?"

"Kiangazi," Generosa alisema. "Mikono ikikubali. Kwanza mzibe tundu lile, mwalimu. Nyie zibeni tundu, mimi nitaleta ubao."

Akabaki kwenye benchi akisubiri mvua ipungue. Ilipopungua akajitanda khanga kichwani, akaenda nyumbani kupika.