Linki Namba Arobaini na Moja

Watu wanaoandika programu mjini Morogoro walimheshimu Eufrazia Mkude bila kumpenda, na sababu ilikuwa swali moja. Ukimpelekea kitabu, video au somo la mtandaoni, ukamwambia hiki ni kizuri, kiweke kwenye orodha, alikutazama kwa macho yake mazito kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi, akauliza, "Umekisoma?"

Wengi walikuwa hawajakisoma. Walikuwa wamesikia kinasifiwa, wakaona waje na wao wakisifu.

Yeremia, aliyekaa naye meza moja ofisini, alijaribu kumzunguka. Ofisi yao ilikuwa ghorofani karibu na stendi ya Msamvu, walikotengeneza mifumo ya tiketi za mabasi. Siku moja akamletea video ya dakika tatu aliyoirekodi mwenyewe.

"Hii huwezi kuniuliza kama nimeiona, dada. Mimi ndiye niliyemo."

"Inafundisha nini?"

"Inatia moyo."

"Wanaotaka moyo waende kanisani. Hapa watu wanakuja kujifunza."

Ofisi nzima ikacheka. Tangu siku hiyo Yeremia akamwita Mama Mkaguzi, na jina likamganda.

Orodha yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja mrefu mtandaoni, wazi kwa yeyote. Orodha za namna hiyo ziko kila mji wenye watu wa kompyuta, Bangalore, Lagos, Sao Paulo: mtu anakusanya vyanzo bora vya kujifunzia kazi, anavipanga kwa mada, anavianika, na wenzake wanakuja kupendekeza nyongeza. Nyingi ni ndefu kupita kiasi, na hakuna aliyezisoma, hata aliyezitunga. Watu huzihifadhi kama vyombo vya harusi vilivyofungiwa kabatini. Wanaridhika kujua vipo. Ya Eufrazia ilikuwa na linki mia moja na kumi na mbili tu. Kando ya kila linki paliandikwa uzito wake kwa megabaiti, ili mwenye bando la kuungaunga ajue kama litamfikisha.

Juu kabisa palikuwa na sheria tatu. Ya kwanza, hakiingii kitu ambacho mtunzaji hajakisoma hadi mwisho. Ya pili, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mtunzaji anafungua kila linki kwa mkono wake na kuiangalia kwa macho yake. Ya tatu iliandikwa na Gabrieli: "Linki iliyokufa inazikwa siku hiyo hiyo. Hakuna matanga."

Gabrieli alikuwa mtoto wa mkata miwa wa Kilombero, mrefu, mwenye mdomo usiotulia. Yeye na Eufrazia walianzisha orodha hiyo miaka sita iliyopita kwenye baraza ya nyumba ya mama yake Eufrazia, kule Bigwa, mlima ukiwa umewainamia mgongoni. Hawakuwa wachumba. Ila Bigwa nzima hapakuwa na mtu aliyeamini kwamba hawakuwa, na mama mwenye nyumba alimpakulia Gabrieli ugali kabla ya kuwapakulia watoto wake mwenyewe.

Linki namba arobaini na moja ilikuwa yake. Ilikwenda kwenye tovuti aliyoijenga peke yake, masomo kumi na tisa ya kumwanzisha mtu asiyejua lolote, kwa Kiswahili cha nyumbani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha yake akicheka, na chini ya picha maneno haya: "Kaa. Usiogope. Huwezi kuiharibu."

Alikufa Mikese, mwezi wa Julai, mwaka juzi. Alikuwa anarudi kutoka Dar, na basi lao lililivaa lori lililosimama barabarani bila alama. Polisi walimpigia Eufrazia, kwa kuwa namba yake ndiyo ya mwisho ambayo marehemu aliipigia.

Tovuti haifi siku moja na mwenyewe. Ile ya Gabrieli iliishi mwaka mmoja zaidi, mpaka muda wa jina lake la mtandaoni, linalolipiwa kila mwaka, ulipokwisha. Eufrazia alikuwa na programu ndogo iliyozibishia hodi linki zote kabla hajaanza kuzifungua moja moja. Inayoitika ilionyeshwa kwa kijani, isiyoitika kwa nyekundu. Jumamosi ya kwanza ya Agosti, namba arobaini na moja ikawa nyekundu. Sheria ilisema aifute siku hiyo. Kidole kikakaa juu ya kitufe. Kisha akafunga kompyuta, akaenda kuanua nguo.

Miezi minane aliiacha nyekundu, yeye ambaye alikuwa amefuta kazi za watu wakubwa bila hata kuwaaga. Aliyeuliza alijibiwa kuwa inashughulikiwa.

Mwezi wa Aprili mwaka huu ikarudi kuwa kijani.

"Mama!" alipiga kelele hadi jirani akachungulia. "Ndugu zake Gabrieli wameifufua tovuti!"

Mama yake akaja akifuta mikono kwenye kanga. "Alhamdu... Mungu asifiwe," alisema, maana alikuwa amekulia kati ya Waislamu na ulimi wake ulikuwa haujaamua. "Sasa mbona hufungui tuone?"

"Nitafungua."

Hakufungua. Alijua picha ile ingemtazama. Siku hiyo alifungua linki mia moja na kumi na moja kwa mkono, akazisoma moja moja, na hiyo moja akaiachia programu iliyosema ni nzima. Mei akafanya vilevile. Juni vilevile. Julai vilevile.

Jumatano iliyofuata aliandikiwa ujumbe na Winfrida.

Winfrida alikuwa binti wa miaka ishirini na tatu, wa kijiji cha juu kupita Kinole, aliyeishia kidato cha nne. Yeye hakuihifadhi orodha kabatini. Aliianza namba moja akaimaliza namba mia na kumi na mbili, miaka miwili, kwa kompyuta aliyoazimwa na Sista Editha, muuguzi wa zahanati ya misheni. Chini kabisa ya orodha palikuwa na sehemu iliyoitwa Waliomaliza. Ilikuwa na majina saba, la kwanza lake. Baada ya kumaliza alitengeneza programu kwa ajili ya zahanati. Ilitunza majina ya wajawazito mia na arobaini waliotawanyika kwenye miteremko, namba za simu na tarehe zao, na siku moja kabla ya kliniki ilimtumia kila mmoja ujumbe. Tangu Januari Sista alikuwa ameacha daftari.

"Shikamoo dada," ujumbe ulisema. "Kompyuta ya Sista imefungwa yote. Kila faili imegeuka jina, haifunguki, na kuna maandishi ya kutisha kwenye kioo. Nimekosea wapi?"

"Marahaba mdogo wangu. Ulifungua nini mara ya mwisho?"

"Namba arobaini na moja, ya kaka Gabrieli. Kuna wasichana wawili wa kwaya nataka kuwafundisha, nikapakua upya faili za mazoezi. Lakini hiyo haiwezi kuwa. Hiyo iko kwenye orodha. Nahisi nilibofya mahali nisipojua."

Eufrazia akafungua namba arobaini na moja.

Picha ilikuwepo. Gabrieli alikuwa anacheka. Kaa, usiogope, huwezi kuiharibu. Watu wasiojulikana, wa nchi isiyojulikana, walikuwa wamelichukua jina la tovuti lilipoachwa, wakanakili kurasa zote na sura yake, wasiguse hata nukta, isipokuwa kitufe kimoja cha kupakulia. Nyuma ya kitufe hicho waliweka sumu yao.

Yeremia alisimama nyuma ya kiti chake. Kwa mara ya kwanza hakumwita Mama Mkaguzi.

"Si ya marehemu hiyo?"

"Siyo tena."

"Iondoe, dada. Sasa hivi."

Aliiondoa. Kila badiliko kwenye orodha lazima liandikiwe sababu, na watu elfu mbili wanaoifuatilia huiona. Eufrazia aliandika neno moja: "Imekufa." Orodha ikajipanga yenyewe, arobaini na mbili ikawa arobaini na moja, na pengo halikuonekana.

"Faili za yule binti zinafunguka?" Yeremia aliuliza.

Winfrida aliwatumia chache, wakajaribu siku tatu. Hazikufunguka.

"Sikiliza," Yeremia alisema Ijumaa jioni, kwa upole wa kweli. "Yule binti anaamini alibofya vibaya. Mwache aamini. Atajifunza kuwa mwangalifu. Ukisema ukweli, nani atafungua tena linki yako hata moja? Na marehemu je? Unataka jina lake litajwe kwenye habari za virusi?"

Eufrazia alichukua mkoba wake, akatoka. Asubuhi alichukua bodaboda Bigwa, akapanda kwa njia ya Kiroka, barabara ikizidi kuwa mawe na ukungu ukishuka kuwapokea.

Alimkuta Winfrida uani kwa bibi yake, ameketi juu ya jamvi akichambua karafuu kutoka kwenye vikonyo. Vidole vilikuwa vyekundu. Bibi, aliyeitwa Magdalena, alikuwa mlangoni akijipasha jua dogo lililokuwepo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu ndiye mwalimu wako wa kompyuta, Winfrida?"

"Ndiye aliyekuwa," Winfrida alisema, akasogea kumpa mgeni nafasi kwenye jamvi. Alikuwa amekonda usoni. "Dada, umekuja mbali hivi kwa ajili ya kunipa pole? Ungeandika tu."

"Kompyuta iko wapi?"

"Sista ameifungia kabatini. Hajanifokea. Afadhali angenifokea." Aliendelea kuchambua. "Amerudi kwenye daftari. Kadi wanazo akina mama wenyewe majumbani, kwa hiyo tunapita mlango kwa mlango, mimi na yeye, tunaandika upya. Tumepata tisini na sita. Watu wananiuliza njiani, wewe Winfrida, kompyuta yako imeshiba majina? Nacheka nao."

"Na waliobaki?"

"Tunatafuta. Kuna mmoja anaitwa Magreth. Ana mapacha, na presha. Tarehe yake ya kliniki ilikuwa Alhamisi. Nyumba yake imefungwa, wanasema alihamia kwa dada yake ng'ambo ya mto, hakuna anayejua ni kitongoji gani. Namba yake ya simu ilikuwa mle ndani tu." Mikono ikasimama. "Nilisema sitagusa tena kompyuta. Mtu mjinga asishike vitu vya watu."

Hapo palikuwa na mlango wazi, na Eufrazia angeweza kupita kimya, anywe chai ya bibi, ashuke.

"Hukubofya vibaya," alisema. "Ulibofya mahali nilipokuambia ubofye."

Akamweleza. Tovuti ilivyokufa na yeye asiizike. Ilivyorudi kijani. Jumamosi nne alizoiruka, na sababu ya kuiruka. Hakupunguza kitu. Bibi Magdalena alisikiliza naye, na ingawa mambo ya linki hayakumwingia, lile la marehemu lilimwingia, akaguna kwa sauti ya Kiluguru ambayo haihitaji tafsiri.

Winfrida alisogeza karafuu kando.

"Kwa hiyo hukuisoma," alisema.

"Sikuisoma."

"Mtandao mzima naogopa, dada. Sifungui kitu. Ile niliifungua kama mtu anavyoingia jikoni kwao." Alipangusa mikono kwenye gauni. "Ulipoiondoa uliandika sababu gani?"

"Niliandika imekufa."

"Imekufa." Winfrida alilirudia neno hilo polepole, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Wangapi wengine walipakua?"

"Sijui."

"Na watajuaje?"

Mtandao kijijini ulishikika mahali pamoja tu, kwenye mawe nyuma ya kanisa dogo la kigango. Walikwenda wote wawili. Eufrazia akafungua orodha kwa simu, akaandika juu ya sheria zote tatu, Winfrida akisoma begani kwake: kwamba linki ya Gabrieli ilikuwa na sumu tangu Aprili, kwamba aliyepakua faili pale asiiwashe kompyuta yake mpaka apate fundi, kwamba mtunzaji hakuifungua kwa miezi minne huku sheria ikimtaka aifungue, kwamba zahanati moja imepoteza majina ya wagonjwa wake. Jina la Gabrieli lilikaa pale, katikati ya maneno hayo, mbele ya watu elfu mbili. Akabonyeza. Mtandao ulisuasua, ukaenda.

"Sawa," Winfrida alisema. "Sasa nenda chini. Kwenye Waliomaliza."

"Winfrida..."

"Jina langu toa."

"Ulimaliza kwa haki yako. Hakuna aliyekuzawadia."

"Najua nilimaliza. Toa. Mtu akiliona pale anasema, mbona Winfrida wa Kinole aliifuata hadi mwisho, basi ni salama. Mimi sitaki kuwa ushahidi wako."

Eufrazia alishuka hadi mwisho wa ukurasa. Alilifuta jina herufi kwa herufi, polepole, akitumaini kuzuiwa. Hakuzuiwa. Kisanduku cha sababu kikafunguka, kikasubiri.

"Niandike nini?"

"Andika ameomba mwenyewe."

Akaandika. Winfrida alihakikisha kwa macho yake kwamba imeandikwa hivyo, akamshukuru kwa kuja, kama mtu anavyomshukuru mgeni yeyote, akateremka kati ya migomba kurudi kwenye karafuu. Saa nane alikuwa na miadi na Sista, kwenda ng'ambo ya mto.

Kwenye kioo, jina lililokuwa la pili lilikuwa limepanda likawa la kwanza.