Bushi za Mwinshehe na Mafuta ya Papa

Kiburi cha Mwinshehe kilikuwa cha kuchekesha, ndiyo maana hatukukikemea. Baba yake aliunda majahazi pale Dunda. Yeye akawa fundi wa magari, wa kwanza mtaani kwetu. Lakini somo la mzee hakuliacha: hakuna kitu kinachoingia tunduni bila mafuta ya papa. Msumari, mti, kamba, vyote vilipakwa, na vyombo vya yule mzee vilidumu.

Mwaka wa hamsini na tatu Mwanaasha, binti wa Mwinshehe, alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alimfia tumboni, na mkunga wetu, Bi Dija, alisema wazi kwamba huyu lazima azaliwe hospitali, Dar es Salaam. Gari Mwinshehe alikuwa nalo, kuukuu, ila bushi za springi za mbele, zile pete za tunduni zinazoishika springi isicheze, zilikuwa zimekwisha. Likigonga shimo, linavuta upande. Akalitia jeki uani, akazigonga zile za zamani zikatoka vipande vipande.

Dinesh mwenye duka alimletea mpya, za mpira.

"Fundi, waliozitengeneza wamesema zitiwe kwa maji ya sabuni tu. Mafuta hapana."

"Dinesh bwana, wewe uza kanga. Sabuni ni ya kufulia."

Akazipaka mafuta ya papa, zikateleza ndani kwa nyundo mbili. Gari likatulia. Kwa furaha akawa kila Ijumaa anajilaza chini yake kuziongezea mafuta, ua mzima unanuka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia la baba yake, na guu likavunjika vilevile.

Mwezi wa tatu tangu azitie bushi zile, asubuhi, uchungu ukamshika Mwanaasha. Mimi, shoga wa marehemu mama yake, nilikaa nyuma na Bi Dija, tumemshikilia. Tulipopita Mapinga gari likagonga shimo, usukani ukamponyoka Mwinshehe, tukaingia mtaroni. Hakuumia mtu. Lakini lori la kutuvuta lilipatikana alasiri, na mtoto, wa kiume, alikuwa ameshatoka, miguu kwanza, pale pale majanini. Hakulia.

Mwinshehe alikuwa chini ya gari. Nilimwona akichokonoa tundu la springi, mpira ukatoka na kidole chake, umeliwa na mafuta, laini kama uji wa jana. Akanitazama. Nilimchukia saa ile, nakiri, kisha nikamhurumia, nikarudi kwa Mwanaasha.

Msibani watu walimpa mkono wakisema kudra ya Mungu. Mwanaasha akamwuliza, "Baba, gari lilikuwa na nini?"

"Barabara mbovu, mwanangu."

Mwinshehe hakusema zaidi ya hayo mwaka mzima, wala mimi sikumwambia binti nilichokiona. Kisha Mwanaasha akashika mimba nyingine. Mumewe alitaka kukodi gari la mjini, Mwanaasha akakataa. Alikuja mwenyewe hadi uani, nami nikiwapo, akamwambia baba yake kwamba gari la mtu mwingine hapandi, maana fundi anayemwamini duniani ni mmoja.