Mashine Iliyomfia Binti Yangu

Mimi shule niliiacha darasa la sita, na sioni haya kulisema. Walionizidi madarasa ni wengi. Lakini anza Galu uende mpaka Majoreni, uulize ni nani aliyepanda milingoti akaleta intaneti kwenye nyumba ambazo hata simu zilikuwa hazishiki. Utaletwa kwangu. Nilianza kwa kupanda minazi, kuangua nazi za watu. Fundi mmoja wa antena za hoteli pale Diani aliniona niko juu akasimamisha pikipiki. "Shuka nikufundishe kazi," akaniambia, "utakuja kufa bure kwa nazi zisizo zako." Baada ya miaka miwili ni mimi niliyekuwa nikipita nyuma yake kurekebisha alichoharibu.

Kwetu ni bondeni, nyuma ya Majoreni upande wa bara, kwenye ardhi kavu ya mbuzi na mihogo. Simu haishiki. Anayetaka kupiga hupanda kilimani kwenye kanisa, Mwislamu na Mkristo wote wamesimama pale uani mwa padri wakipiga kelele. Ndiyo maana nikaamua. Intaneti naivuta kwa redio kutoka Msambweni, inashukia kwenye mlingoti wangu, inaingia katika mashine niliyoiunga kwa mikono yangu, na mashine ndiyo inayowagawia majirani, shule na zahanati. Ni kompyuta kuukuu niliyoichagua mwenyewe Mombasa, nikaitia kadi ya mtandao, pale unapochomekwa waya wa redio. Kila mgeni aliyeingia kwangu alionyeshwa mashine ile kabla ya kupewa maji.

Lakini ilikuwa na maradhi. Kila siku ya tatu au ya nne ilianza kuwa nzito, ikawa kama mtu anayesinzia kwenye hotuba, kisha ikanyamaza kabisa. Dawa yake ilikuwa moja: unaizima, unaiwasha. Zima, washa, hiyo ndiyo iliyonipa jina. Nimewahi kuziamsha mashine za hoteli ambazo vijana wenye digrii walikuwa wamezizunguka tangu asubuhi wakizitazama. Kwa hiyo maradhi ya mashine yangu hayakunisumbua. Yalinisumbua siku binti yangu aliporudi nyumbani na barua.

Huyu ndiye kifungua mimba wangu. Alikuwa amemaliza uuguzi, amekaa mwaka mzima akituma maombi huku na huku, na sasa hospitali moja ya ng'ambo imemwita kwenye mahojiano ya video. Watu watatu watamuuliza maswali, Jumanne, saa nne asubuhi. Barua ilisema wazi kwamba asiyeonekana kwa dakika kumi na tano atahesabiwa kuwa hakutokea. Yalikuwa yamebaki majuma matatu.

Nikamwendea mama mmoja anayekaa Galu. Ni mtu wa bara, ameletwa pwani na kazi yake ya kuwaandikia Wazungu programu akiwa nyumbani kwake, na antena ya nyumba ile nilimfungia mimi. Nikamweleza.

"Boss," akasema, "umeizima mara ngapi hiyo mashine?"

"Kila ikilala."

"Yaani kila mara unazika maiti kabla daktari hajaiona. Ukizima, kila kitu inasahau. Mimi nitajuaje kilichoiua?"

"Mimi nataka ipone, sitaki kujua kilichoiua."

Akacheka. "Ndiyo hivyo hivyo, boss. Sasa enda ukae. Usiiguse. Iache ife, mimi nikiiangalia kutoka hapa mpaka dakika ya mwisho."

Hakuna kazi niliyowahi kupewa ngumu kama ile. Siku ya tatu mashine ikaanza kuzorota, nami nimekaa kwenye kiti mbele yake mikono mapajani. Mwalimu mkuu akatuma mtu. Muuguzi wa zahanati akaja mwenyewe. Jirani yangu, ambaye hunionea kijicho tangu nilipoezeka bati, akachungulia dirishani: "Vipi fundi, leo kile kidole cha swichi kimevunjika?" Nikamwambia naitibu kisayansi. Akasema, "Basi sayansi yako imelala, iamshe." Sikunyanyuka. Mashine ikafa mbele ya macho yangu, taratibu, kwa muda wa saa mbili.

Kesho yake nikarudi Galu. Yule mama alikuwa ameshajua. Alianza kunieleza kwa maneno ya fani yake, akaona uso wangu, akanyamaza. Kisha akaniuliza, huku kwenu mkiwa na harusi vyombo mnatoa wapi? Nikamwambia tunaazima kwa kikundi cha kina mama, kila sahani ina alama ya rangi chini, na jioni zinahesabiwa zikirudi.

"Sawa. Intaneti inakuja vipande vipande. Kila kipande kikifika kwenye kadi, kuna programu ndogo inayoiendesha ile kadi. Inaazima sahani kwenye memori ya mashine, inapakua kipande, kikishapokelewa inarudisha sahani. Uko na mimi?"

"Niko."

"Sasa kipande kikifika kimeharibika, inakitupa. Ni haki yake. Lakini sahani hairudishi. Inaiacha chini ya mwembe na kwenda kuazima nyingine. Siku tatu hivyo, sahani za kikundi zimeisha, mpishi amesimama na mwiko mkononi, hana pa kupakulia."

Hapo nikaelewa, wallahi, nikaelewa kuliko nilivyowahi kueleweshwa kitu darasani. Nikamuuliza kwa nini basi dunia nzima haijalia na kadi zile, mbona ni mimi tu.

"Kwa sababu wengine vipande vyao havifiki vimeoza. Ncha za waya zako zimeliwa na chumvi, boss. Ya Msambweni ndiyo mbaya zaidi."

Nilikasirika. Ncha ile niliibana mimi, na sijawahi kurudishwa kazini kwa ncha. Lakini nilipita Msambweni, nikapanda, nikaifungua. Shaba ilikuwa imegeuka kijani kama ukuta wa kisima. Nikaipangusa kwa kitambaa na dizeli, nikaifunga tena. Mpya sikuwa nayo mfukoni siku ile, na kupangusa kulitosha. Ndivyo nilivyojiambia.

Yule mama akaandika dawa yake, mistari miwili tu, akaiingiza kwenye mashine akiwa kule kule Galu. Programu ile ina watu wanaoitunza huko duniani, akasema atawaandikia pia. "Ila hii ipe muda, boss. Sijaijaribu sana. Na ile ncha badilisha."

Siku nne zikapita. Sita. Tisa. Mashine haikusinzia. Nilisimama kwenye baraza ya msikiti baada ya alasiri nikawaeleza wazee habari ya sahani kana kwamba mimi ndiye niliyezihesabu. Nikamwita yule jirani aje atazame. Ncha sikuibadilisha. Ningebadilisha nini kwenye kitu kinachokwenda?

Jumapili binti yangu akaniambia, kwa adabu zake zote, "Baba, nina rafiki yangu Ukunda, kwao mtandao ni mzuri na hata simu inashika. Nilifikiri nikalale huko kesho."

"Ukunda? Mtoto wangu aondoke kwenye nyumba yenye mtandao aende kuuomba kwa watu?"

"Si kuomba, baba. Ni tahadhari tu."

Mke wangu akasema mwache aende, siku moja tu. Nikasema haendi. Nikasema watu wa ng'ambo watamwona mwanangu kupitia kwa mashine ya baba yake, na wao wenyewe watauliza huyu fundi ni nani. Binti yangu akatazama chini. Ndivyo alivyo, huwa habishani nami.

Jumanne alivaa blauzi nyeupe na mtandio wa samawati, akakaa mezani chumba cha mbele na kompyuta yake ndogo, ukutani nyuma yake mama yake ametundika shuka safi. Mimi nilikuwa chumba cha pili na mashine. Siku hiyo upepo ulivuma kweli kweli. Saa nne kamili nikasikia sauti ya mwanamke mgeni ikimsalimu, na binti yangu akijibu kwa Kiingereza chake laini. Moyo wangu ulijaa. Jibu la kwanza alilimaliza. La pili alikuwa katikati.

Mashine ilikufa. Safari hii haikusinzia hata kidogo. Skrini ilijaa maandishi meupe, mistari chungu nzima, ikaganda. Nikasikia binti yangu akisema, "Hello? Hello?" na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe.

Mashine huchukua dakika nne kuamka. Iliamka, ikakaa kama dakika moja, ikafa tena, maandishi yale yale.

"Usiizime, baba!" Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. "Si yule mama alisema iachwe?"

Nikachukua simu nikatoka mbio. Mahali pa karibu panaposhika si kilimani, ni juu ya mlingoti wangu mwenyewe. Nikapanda na viatu vya Ijumaa. Nilimsikia mwanangu akiniita kutoka chini, nikamwambia ningoje, ningoje, usiniongeleshe sasa. Nilipofika juu nikapiga. Mama wa Galu akapokea.

"Boss, mbona nasikia upepo hivyo? Uko wapi?"

"Niko juu ya mlingoti! Imekufa! Mtoto yuko kwenye mahojiano!"

"Juu ya... haya. Skrini inasema nini?"

Mimi Kiingereza cha kusoma sina. Nikapiga kelele chini, binti yangu akafungua dirisha la chumba cha mashine, akaanza kunisomea mstari mmoja mmoja, blauzi yake imetokeza nje ya dirisha, nami nikiurudia kwenye simu neno kwa neno bila kujua ninachokisema. Katikati ya mistari alikuwa akiniambia na saa. "Zimebaki dakika sita, baba." Sauti yake haikutetemeka.

Kisha yule mama akasema polepole, "Nimeona. Ni mimi. Kuna mahali ile sahani ilikuwa tayari inarudishwa na mtu mwingine. Mimi nimeirudisha tena. Sasa sahani moja imepewa wapishi wawili kwa wakati mmoja, kila mtu anapakua juu ya chakula cha mwenzake. Na vipande vibovu leo ni vingi, upepo unatikisa ile ncha, ndiyo maana haikai."

"Basi iondoe hiyo mistari yako!"

"Siwezi kuifikia, boss. Nafika kwako kwa mtandao wako. Na mtandao wako ndio umekufa."

Nikabaki juu. Kulikuwa na la kufanya chini, sikuliona. Kulikuwa na la kufanya Galu, halikufika. Mimi niliyezoea kupanda mahali watu wanapotazama tu, nilikuwa nimepanda, na ikawa basi. Nilimwona mke wangu ametoka uani na mwiko mkononi, ananitazama. Binti yangu akaniita tena dirishani.

"Shuka, baba. Dakika zimekwisha. Utaanguka."

Yule mama alikuja mwenyewe mchana, kwa bodaboda kutoka Galu mpaka kwetu, vumbi limemjaa nyusi. Alimwomba binti yangu radhi kabla ya kuketi. Akapiga magoti mbele ya mashine, akafanya kazi mpaka adhana ya alasiri, na dawa ya pili aliijaribu kwa kuichomoa na kuichomeka makusudi ncha ya waya iliyo hapa kwetu, nayo mbovu, mara nisizoweza kuzihesabu, huku mashine ikizidi kwenda. Alipokuwa akinywa chai akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Lakini boss, kwa nini hukuchomoa waya wa redio kwenye mashine ukauchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya mtoto? Majirani wangekosa, lakini yeye angepata. Ni dakika mbili."

Hilo nalijua. Katika yote ninayoyajua, hilo ndilo la kwanza nililofundishwa na fundi yule wa Diani, na nimelifanya hotelini mara ngapi. Siku ile halikunijia.

Nikamwendea binti yangu nyuma ya nyumba alikokuwa akianua nguo, nikamwambia kwamba kumbe palikuwa na njia.

"Ya waya?" akasema. "Nilikwambia, baba. Ulikuwa umeshaanza kupanda."

"Ungeuchomoa mwenyewe."

"Kwenye mashine yako?" Akanitazama kana kwamba nimesema jambo la ajabu. Tangu wadogo niliwakataza watoto wangu wote kuigusa mashine yoyote iliyo kwangu. Mkono mmoja tu, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia. Akaendelea kuanua nguo.

Aliwaandikia wale watu kutoka kilimani kwenye kanisa. Nilikwenda naye, nikasimama mbali. Walikaa siku nyingi bila kujibu, kisha wakampa nafasi nyingine. Safari hii hakuniuliza. Aliniambia tu, "Baba, nitakwenda Ukunda," nami nikasema nitakupeleka.

Nilimpeleka kwa pikipiki, mtandio wake kwenye mfuko wa plastiki usichafuke. Rafiki yake alikuwa amempatia chumba nyuma ya duka moja la kompyuta. Antena yao juu ya paa niliiona imefungwa upande, sikusema kitu. Nilikaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha. Nilimsikia akijibu. Maneno sikuyafahamu, ila nilifahamu anapomaliza swali na kuanza jingine, nami nikawa nayahesabu: tatu, nne, tano. Kila kimya kilipozidi kidogo, mkono wangu ulishika ukingo wa benchi.

Mwenye duka, mwanamke wa makamo, akatoka kumwaga maji ya kuoshea vikombe.

"Karibu, mzee. Wataka kutumia kompyuta? Ipo moja wazi. Kama hujui nitakuelekeza."

"La, ahsante," nikamwambia. "Nimemleta mtoto tu."