Duka la Mama na Maji ya Chara

Sitaki kusikia tena mtu akilitaja duka la mama yangu. Nimechoka. Hapa Kipini ninapokaa siku hizi wamejaa watu waliohama kutoka Chara, na wakikutana barazani hawana hadithi nyingine. "Ah, Chara! Wakumbuka lile duka la pale bandarini? Wakumbuka vile vitumbua?" Wengine hata machozi huwalenga. Machozi! Na wao ndio walioliua.

Basi na mimi leo nitasema, maana mdomo ninao na nilikuwepo.

Duka lenyewe lilikuwa banda la miti na makuti, ukingoni kabisa mwa mto. Mbele yake palikuwa na mtumbwi mbovu uliogeuzwa kifudifudi, wateja wakiukalia. Mama aliuza chumvi, tumbaku, sindano, shanga, nguo za marekani na kaniki, na asubuhi akichoma vitumbua vya mchele wa shamba letu. Watu wa Kinakomba walioshuka mto na mahindi na asali walikuwa hawaendi mbele kabla ya kupiga gumzo kwake. Waorma waliotoka nyika za Minjila na samli yao waliegemeza mikuki bandani, wakakaa juu ya ule mtumbwi, mguu juu ya mguu, wakiteta na mama kuhusu bei za nguo mpaka jua linakuwa kali. Jirani yetu alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi. Kutwa nzima tezo lake ko, ko, ko.

"Wewe bwana, utaniangushia banda!" mama humfokea.

"Likianguka nitakuoa, nikujengee jingine."

Mama alikuwa mjane. Alicheka, akampa kitumbua kilichoungua.

Lakini heshima ya mama haikutoka dukani. Ilitoka kwenye ulimi wake. Chara tulilima mpunga kwa maji ya mto, ila aliyetupandishia maji yale shambani ni bahari. Bamvua likiwadia, bahari hujaa ikausukuma mto nyuma, na maji matamu yakapanda mpaka kwenye kingo. Hapo wenye mashamba hubomoa vizuizi vya udongo kwenye mifereji yao, mpunga ukanywa. Sharti mtu aonje kwanza, kwa sababu mto ukipungua bahari huja yenyewe, na mpunga ukishakunywa chumvi umekwisha. Bibi yangu alikuwa muonjaji, na alipofariki kazi ikamwangukia mama. Aliingia majini mpaka magotini, akachota kwa kiganja, akasukutua, akatema. Kisha: "Tamu!" Wanaume waliosimama na majembe wakapokezana neno lile kutoka shamba hadi shamba. Akisema "Bado!" walikaa chini, hata awe nani. Hakulipwa chochote. Aliheshimiwa tu, na kwa mama hilo lilikuwa kubwa kuliko duka.

Kati ya mto wetu na mto Ozi palikuwa na mfereji mwembamba wa zamani. Mitumbwi miwili ikikutana humo, mmoja hurudi nyuma. Wakubwa waliotutawala wakataka njia pana ya vyombo vyao, wasipate taabu ya kuzunguka baharini. Wakaita wachimbaji, kila mmoja apewe kipande cha marekani. Ziko sehemu watu walilazimishwa, hilo silikatai. Wa kwetu walikimbilia! Walikwenda wakiimba. Mwenye nguvu mpishe, walituambia sisi wanawake. Haya, umempisha. Na jembe ulimshikia kwa nini?

Basi mfereji ukapanuliwa, na mto ukaona njia fupi, ukaingia huko. Kwetu yakaja maji kidogo, halafu kidogo zaidi. Sisi tukasema ni kiangazi. Kila mwaka mto hupungua, kila mwaka hurudi.

Bamvua lililofuata, mpunga ulikuwa umeshafika magotini. Mama akaingia majini kama kawaida, akachota, akasukutua, akatema. Akachota tena. "Tamu!" Majembe yakaanguka, maji yakaingia. Siku chache tu ncha za majani zikawa njano, kisha kahawia kana kwamba zimepitiwa na moto. Tope lilipokauka likaota ukoko mweupe. Nilikwangua kwa ukucha, nikalamba. Chumvi.

Wakaja dukani wote kwa pamoja. Aliyewaongoza ni mzee mmoja aliyekuwa na shamba kubwa kuliko wote, na kule mfereji ulikochimbwa ndiye aliyewekwa kuwasimamia watu wetu. Hakumwamkia mama, hakukaa.

"Mwanamke huyu ametuulia mpunga," alisema. "Ulimi wake umezeeka."

Mwingine akadakia nyuma: "Anayeuza chumvi kutwa ataijuaje chumvi?"

Wakacheka. Wallahi, walicheka, watoto wao hawana chakula cha mwaka ule.

Asubuhi yake mama alichukua kibuyu kidogo, akakifunga jiwe, akakiziba kwa kitambaa chenye kamba. Tukaingia mtumbwini mimi na yeye, tukafika katikati ya mto. Akakizamisha mpaka chini kabisa, akavuta kamba, kitambaa kikatoka, kibuyu kikajaa huko huko chini. Alipokipandisha akanipa nionje mimi kwanza. Bahari tupu! Nikachota ya juu kwa kiganja: matamu. Mto wetu ulikuwa umedhoofika hivi kwamba ulielea juu ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Mama alikuwa ameonja yale yale aliyoonja mama yake, mahali pale pale, na alisema kweli. Haikuwahi kutokea Chara maji yakawa mawili.

Alifurahi! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alipiga kasia kurudi akicheka, akidhani yameisha. Akawaita watu wote bandarini, akaweka vifuu viwili juu ya mtumbwi wa kukalia, kimoja maji ya juu, kingine maji ya chini.

"Onjeni wenyewe," aliwaambia. "Mto umekwenda. Umeingia mferejini. Onjeni."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Yule mzee aliangalia juu, eti atafuta mawingu. Fundi wa mitumbwi, aliyekula vitumbua vyetu miaka na miaka, alisimama na tezo lake begani akayatazama yale maji, kisha akageuka kwenda zake. Mama alibaki na vifuu vyake viwili mpaka watu wote wakatawanyika. Nikamwambia, "Mama, mwaga." Hakumwaga. Aliviingiza ndani.

Toka siku ile watu walipita mbali na banda letu. Vitumbua vililala, tukavila wenyewe mpaka tukakinai. Hakuitwa kuonja tena, na haikuchukua muda hapakuwa na cha kuonja, maji yakawa chumvi juu na chini. Mitumbwi ya Kinakomba ikapita mferejini. Watu wakahama nyumba moja baada ya nyingine kuufuata mto walioupeleka wenyewe. Nilimbembeleza mama tuhame. "Nikihama watasema nimekimbia," alijibu. Akafia pale pale. Siku za mwisho wake wapita njia walikuwa wakionyeshana: ndiye yule aliyeua mpunga.

Juzi yule mzee, maana naye alihamia hapa Kipini, aliugua, nami nikaenda kumjulia hali. Ndiyo ada, hata kwa mtu kama yeye. Nilimkuta amelala kitandani, mkewe akimpepea. Akanishika mkono.

"Binti yangu, duka la mama yako! Hakuna tena maduka kama yale. Na mama yako alikuwa mtu wa watu. Kosa lake lilikuwa moja tu."

Nikauvuta mkono wangu.

"Kosa gani? Mama yangu aliwaita muonje, mkaogopa! Mfereji mlichimba nyinyi. Marekani mlivaa nyinyi. Na wewe ndiye uliyesimamia!"

Jirani aliyekuwa mlangoni akaniambia nisimfokee mgonjwa. Mzee akafumba macho. Mkewe akaweka upepeo chini.

"Mwache aseme," akamwambia yule jirani. Kisha akanigeukia mimi. "Tulijua, mwanangu. Waliochimba waliuona mto ukigeuka. Hata kabla mama yako hajaingia majini siku ile, nyumba nzima hii tulikuwa tunajua."