Wiki Tatu za Kumfungia Popi

Kuna siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Leo umenirudisha huko uliponiuliza kama unaweza kumfungulia mbwa wako wa kike aliye kwenye joto, kwa kuwa damu imekauka. Hebu kaa kwanza.

Nilipokuwa kijana hapa Laare, mama yangu alikuwa mjane na macho yalikuwa yameanza kumtupa. Mbwa wake Popi ndiye aliyekuwa macho yake. Akija jirani, Popi alibweka mara moja akanyamaza. Akija mgeni, hakunyamaza. Mama alijua anayekuja kabla hajafika mlangoni.

Popi akaingia kwenye joto mara ya kwanza, hata mwaka hajafikisha. Mama akanipa kufuli ya banda la mbuzi.

"Mfungie wiki tatu," akasema. "Usiangalie damu, hesabu siku."

Mimi na ujuaji wangu! Siku ya kumi damu ilipungua, ikawa nyepesi kama maji. Miraa ilikuwa tayari kuchumwa, wezi wanazunguka, nami nilitaka mlinzi shambani. Nikafungua. Asubuhi hiyohiyo nikamkuta amenasana na dume la jirani, jitu kama ndama. Nikaokota fimbo, lakini mzee mwenye dume akanishika mkono.

"Wacha, utaumiza hawa. Hiyo damu ikipungua ndio ako tayari kubeba mimba. Umefungua mlango siku yenyewe."

"Labda haitashika, mzee. Ni mara moja tu."

"Mara moja inatosha, kijana."

Miezi miwili baadaye Popi alishindwa kuzaa. Watoto walikuwa wakubwa, mwenyewe mdogo. Daktari wa mifugo alitoka Maua, akafika tumeshachelewa. Mama alikaa chini, mkono juu ya tumbo lile mpaka likapoa. Hakunigombeza.

"Si nilikupatia kufuli?" akasema tu.

Afadhali angenichapa.

Tangu hapo kila hatua uani ilimshtua. Nilimpelekea chai kila asubuhi, na kabla sijafungua mdomo aliuliza kwa woga, "Nani huyo?" Mimi, mtoto wa tumbo lake. Aliuliza hivyo mpaka tulipomzika.

Basi sikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila siku ile guu lililovunjika halikuwa langu. Damu kukauka si mwisho wa joto. Mara nyingi ndiyo hatari yenyewe. Hesabu wiki tatu kamili tangu tone la kwanza, na ukiwa na shaka ongeza siku kadhaa. Akitoka, atoke kwa kamba mkononi mwako. Joto la kwanza usimpandishe kabisa. Na akipandwa, hata mara moja, mpeleke kwa daktari wiki hiyohiyo, usikae kuomba kwamba haikushika. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu nimezeeka naye.

Nenda ukafunge banda. Mungu akupe subira ya siku zilizobaki, na akujalie mama yako asikuogope kamwe ukiingia mlangoni kwake.