Rangi Huanzia Miguuni

Mama yangu amezikwa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, na karatasi iliyomtangulia ninayo humu begini. Kwa hiyo usiniambie niliota. Mimi ni fundi wa kupaka mabango, natazama kitu mara mbili kabla ya kushika brashi.

Miaka ya kwanza nilipaka mabango ya maduka ya Misiera, mtaa mmoja wa kambi: saluni, wauza unga wa mahindi, wachaji simu. Kazi nilifundishwa na kaka yangu Amani tungali Kivu ya Kusini, Kongo. Amani alikuwa mbishi. Kila mtu aliyemchora alimpaka rangi kuanzia miguuni, kichwa mwisho. Mafundi wengine huanza juu, rangi isije ikachuruzikia kazi iliyokwisha, lakini yeye hakusikia la mtu. Vita vilipotutawanya alipotea, na mama akakataa kumlilia. Kila jioni alimwekea sahani yake ya ugali, akaifunika.

Basi mimi nikagundua intaneti, nikapagawa. Kila nilipokwenda mjini Mbarara kununua rangi, lazima nipitie kafe moja nitazame kazi za wachoraji wa siku hizi, wa Lagos, wa Japani, wa kokote. Herufi nene zile! Uso wa rangi mbili tu, na bado unajua mtu huyu ana njaa! Nilirudi kambini nikapaka saluni moja kwa mtindo huo. Walinicheka wee, kisha wakaanza kuniita wote.

Mchana mmoja wa mvua, kijana wa kompyuta ya pembeni aliniinamia, nguo zikimchuruzika maji, kofia imemfunika uso.

"Angalia na uyu," akasema, akaniandikia anwani.

Ikafunguka picha moja tu. Niamini: ilikuwa nyumba yetu ya Kivu, na mlango wake wa bluu uliopasuka chini, na sisi tumesimama mbele. Nani angeijua? Hatukuwahi kupigwa picha pale. Baba, aliyeuawa tukikimbia, alikuwa na rangi. Mama na mimi tulikuwa penseli tupu. Na Amani, ee Mungu wangu, Amani alikuwa na rangi mwili mzima.

"Hawa babili, juu ya nini habana rangi?" nikauliza.

"Napaka bale banaisha kufika," akajibu bila kunitazama. "Bengine ningali nabangojea."

Nikaprinti. Karatasi ilipotoka tu, umeme ukakatika, na kwenye kioo cheusi cha kompyuta nikauona uso wangu peke yake. Nikamwuliza dada mwenye kafe kijana amekwenda wapi.

"Sebo, bwana yangu, hapo hakuna mutu amekaa. Hiyo kompyuta ilikufa zamani."

Kiti cha kijana kilikuwa kikavu. Na printa ya kafe ilikuwa ya wino mweusi tu, lakini karatasi niliyoshika ilikuwa na rangi.

Nilimpelekea mama. Aliishika muda mrefu, kidole kwenye miguu ya Amani, pale rangi ya juu ilipoichuruzikia.

"Ni mukono yake," akasema. "Basi mutoto wangu alikufa."

Alilia mpaka majirani wakaja, tukafanya matanga bila maiti. Jioni ile hakuweka sahani.

Kesho yake miguu ya mama kwenye karatasi ilikuwa na rangi. Nilifuta kwa kifutio, nikakwangua kwa wembe. Karatasi ilichanika, rangi ikabaki. Mama akaanza kulalamika baridi miguuni. Rangi ilipofika kifuani, alishindwa kukaa. Ilipofika kwenye kitambaa cha kichwa, tulimzika. Niliogopa, na bado naogopa.

Wananiambia niichome. Nitaichomaje? Mama sina picha yake nyingine.

Wewe unayependa wachoraji wa mtandaoni, watafute, wako wa ajabu kweli. Ila ukioneshwa nyumba yenu ambayo hakuna aliyewahi kuichora, funga, ondoka. Na kama kwenu kuna sahani ya mtu aliyepotea, msiiondoe kwa sababu ya picha. Mimi ya Amani naiweka kila jioni, naifunika. Miguu yangu kwenye karatasi bado ni penseli. Nimeitazama kabla sijaanza kukusimulia.