Joto Nililolificha Chini ya Kanga

Msinicheke sana, mie mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha. Tangu nipasuliwe tumbo kule India ili nipungue unene, nyama zimeondoka na joto lake. Temeke nzima inajipepea, mie natetemeka. Basi nikawa nafunga tumboni kifuko cha mpira chenye maji ya moto, nilichokipata kwenye mitumba, na simwambii mtu. Siku hizi ukikonda ghafla, watu wanaanza kukuhesabia siku.

Jumamosi nikaenda arusini kwa jirani. Wanawake wakalitazama tumbo, wakakonyezana, wakanipa kiti. Mie huyo, niliyekuwaga nakalishwa mkekani nisije nikavunja viti vya watu! Nikaletewa embe mbichi na chumvi, nikala.

"Miezi mingapi, mwanangu?" akaniuliza Bi Zuhura, mkunga wa mtaa.

Nikatabasamu tu. Ningekanaje, na kiti chenyewe kitamu vile?

Ngoma ikakolea, nikainuka kucheza. Kizibo kikafunguka. Maji yakanimwagikia miguuni, shwaa!

"Uchungu huo! Mlazeni!"

Kufumba na kufumbua niko chini, nimezungushiwa kanga. Bi Zuhura akaingiza mkono, akavuta, akakiinua juu kile kifuko chekundu, kinachuruzika. Nikakiri yote, meno yakigongana.

Bi Zuhura akakipakata. "Mtoto hajambo," akatangaza. "Mama yake ndiye anakufa kwa baridi. Mfunikeni!"

Zikanimwagikia kanga za arusi nzima, mpaka nikatoka jasho, la kwanza tangu India.